Kuonja Si Kula

Mume wangu alinichumbia kwa ncha za mikate. Wasichana wenzangu waliletewa vitambaa na marashi. Mimi nililetewa ile ncha ya mkate, kipande cha mwisho chenye ganda kila upande, kimefungwa kwenye karatasi ya kaki, na bado kikiwa cha moto kiasi cha kuilainisha karatasi yenyewe. Wakati huo nilikuwa nikifua nguo za watu kwenye ua uliotazamana na mlango wa nyuma wa duka la mikate. Alikuwa akitoka na unga hadi kwenye kope, akanipa ile ncha juu ya ukuta mfupi, kisha akasimama kunitazama mdomo.

"Vipi?" aliniuliza.

"Mtamu," nilimjibu, kwa sababu niliishia shule ya msingi na aibu ilikuwa imenijaa.

Akatikisa kichwa. "Mtamu ni sukari. Mkate una maneno mengine. Tafuta."

Sikuyapata. Kila siku nilisema mtamu, kila siku akatikisa kichwa, na kila siku akarudi. Baada ya miezi sita wazee walikaa, wakazungumza, nikaolewa nikiwa sina neno lingine zaidi ya hilo moja.

Baadaye lile duka likawa lake. Halikuwa kubwa. Kulikuwa na tanuri la matofali lililomeza ukuta mzima wa nyuma, dirisha moja lenye kioo kilichopasuka pembeni na kuzibwa kwa gamu, rafu za trei, na meza ndefu ya mbao iliyokuwa imekandiwa juu yake miaka mingi hata ikaingia bonde katikati, kama godoro la mtu mmoja. Aliyekuwa akikanda alikuwa mtu mzima mwenye mikono minene kama mapaja ya mtu mwingine, nasi tulimwita Mkandaji. Mwenyewe aliniita shemeji, na hakuna siku aliyonipita bila utani.

Mume wangu alifunzwa kazi na fundi mmoja mkali, akaachiwa sheria moja. Macho hudanganywa na rangi, pua hudanganywa na njaa, ulimi ndio haudanganywi. Kwa hiyo hakuuza mkate asiouonja. Watu walikuwa wakitoka mitaa ya mbali kufuata mkate wake, wanapita maduka mawili ya mikate njiani bila hata kugeuka.

Ugonjwa ulipomwingia, mimi nilifurahi. Nasema kweli, ili anayesoma asije akafurahi kama mimi. Alianza kupungua. Suruali zilimlegea, nikamtobolea mkanda tundu mbili mpya kwa msumari wa moto, nikamwambia amerudi kijana. Alikuwa anakunywa maji birika zima kwa mara moja, nikasema ni joto la tanuri. Akisema miguu inakufa ganzi, nikasema ni kusimama. Na kwa kuwa alikuwa anapungua, nilimwongezea chakula. Mama yangu alinifundisha kwamba sahani ya mume lazima iwe na kilima. Ikiwa tambarare, umempunja. Basi nikampandishia kilima cha wali, na viazi pembeni, na mkate wa kufutia mchuzi, na chai yenye vijiko vinne vya sukari ya kushushia. Nilimlisha ugonjwa kwa mikono yangu miwili, na kwa mapenzi.

Tulijua siku kiatu kilipoungua.

Ilikuwa asubuhi, kaa moja limedondoka kutoka tanurini. Mume wangu alikuwa amesimama akitoa mikate kwa koleo refu la mbao, anaimba. Mkandaji alinisimulia baadaye, hata yeye hakuweza kutania. "Shemeji, mimi nikasikia harufu ya ngozi. Nikadhani paka. Nikatazama chini, namwona mzee kakanyaga kaa, kiatu kinatoa moshi, naye anaimba! Nikamwambia, 'Mzee, unaungua!' Akaniuliza, 'Wapi?'"

Hilo "wapi" ndilo lililotupeleka hospitali.

Walimtoboa kidole, wakaweka tone la damu kwenye kile kipimo kidogo, kikaandika kumi na saba, zaidi ya mara mbili ya inavyotakiwa. Daktari hakuwa mtu wa maneno mengi. Alivua miwani, akakitazama kidonda chini ya kidole gumba cha mguu, akavaa miwani.

"Mzee, kidonda hiki kinaisikiliza sukari. Ikishuka, kitafunga. Isiposhuka, kidole kitabidi kiondoke. Na kidole kikiondoka sukari ikiwa bado juu, mguu nao siwezi kuuahidi. Nakupa dawa, usafishwe kidonda kila siku ya pili, usiukanyagie sana. Tutaamua baada ya wiki sita."

Njiani kurudi mume wangu akasema, "Mwokaji hasimamii tanuri kwa mguu mmoja. Hapo nitakuwa nimemwaga unga kwelikweli."

Tulicheka wote wawili. Yeye akanyamaza kwanza, kisha mimi.

Pale hospitali kulikuwa na muuguzi wa kisukari, msichana wa umri wa binti yetu wa pili, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja iliyokuwa ikiandika vizuri. Alichora sahani kwenye karatasi, akaigawa kwa mstari. Nusu nzima mboga za majani. Robo maharage, au samaki, au nyama isiyo na mafuta. Robo iliyobaki ndiyo ya wali, au viazi, au mkate, kimojawapo, visikutane. Chai bila sukari. Tunda lenyewe, si maji yake. Asiruke mlo halafu akafidia. Nilikuwa nimekuja na daftari la zamani la hesabu la mwanangu, nikaandika kila neno, hata pale aliposema "samahani" baada ya kupiga chafya nilishaanza kuandika.

Nyumbani nilizifungia zile sahani kubwa kabatini. Nikatafuta ndogo, nikapata moja tu, ile ya watoto yenye picha ya bata katikati. Nikampakulia. Bata akafunikwa na mboga hadi shingoni, maharage kwenye bawa, na kijilima cha wali kwenye mkia.

Mume wangu akaitazama sahani. Akanitazama mimi.

"Mama watoto, umenirudisha shule ya watoto wadogo?"

"Ukifaulu utapanda darasa."

"Na huyu bata anakula nini, maana chakula chote kakikalia yeye?"

"Kula umwokoe."

Akala. Alikuwa mtiifu, na ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma. Chai ya kwanza isiyo na sukari aliitazama kama mtu anayemtazama mkwe aliyekuja bila taarifa, lakini aliinywa. Kopo la sukari nililimwaga, nikatia vifungo vya nguo. Jioni, badala ya mkate mweupe na siagi, nilimpa kipande kimoja cha mkate wa ngano isiyokobolewa, aliouoka mwenyewe na kuulaumu mwenyewe. Kazini alikaa kwenye kiti kirefu mbele ya tanuri ili asiuchoshe mguu. Nilisafisha kidonda kama nilivyoelekezwa, maji safi, kitambaa safi, kila siku ya pili.

Baada ya wiki mbili kipimo kilisema kumi na tano. Nikasema taratibu ndio mwendo. Baada ya wiki nne kikasema kumi na tano tena. Kidonda kilikuwa kimelowa, kingo zake nyeupe kama kitu kilichosahauliwa majini.

Muuguzi akavuta kiti karibu. "Baba, nieleze unakula nini."

Mume wangu akamwelezea, hadi bata.

"Na wewe mama?"

Nikatoa daftari. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akarudi nyuma, akasoma tena. "Mama, haya yote ni sawa. Hata mimi nyumbani kwangu sili vizuri hivi. Basi kuna mlango mwingine sukari inapoingilia. Mkautafute huo mlango."

Tulipofika nyumbani, alipokuwa anaoga, nilichukua koti lake la kazi nikapekua mifuko. Nilikuta unga, kipande cha kamba, na kalamu ya risasi iliyotafunwa mwisho. Nikageuza mfuko nje ndani. Kumbe kashafika mlangoni, taulo begani.

"Unatafuta nini?"

"Peremende."

"Miaka thelathini na moja, leo unanipekua kama afisa wa forodha?"

"Wiki mbili zimebaki, baba watoto. Wiki mbili. Niambie tu unakula nini huko kazini, sitakulaumu."

Hakupandisha sauti. "Haki ya mama yangu aliyelala kaburini, mimi kazini sili kitu. Nakunywa chai kavu na maji. Muulize Mkandaji."

Nilimwamini, na kumwamini ndiko kulikonitia baridi. Kama angekuwa mwongo, tungekuwa na la kufanya. Kama alikuwa mkweli, basi tulikuwa tumeshafanya yote, na lililobaki lilikuwa kisu cha daktari.

Asubuhi ya pili yake nilikwenda dukani na ungo wa maharage. Nikasema nyumbani kuna vumbi, nimekuja kuchambulia hapo. Nikakaa juu ya gunia la unga karibu na dirisha, natoa vijiwe na maharage yaliyotobolewa, sina mpango wowote kichwani.

Mkandaji alikuwa anakanda. Mume wangu akapita, akanyofoa kidonge cha unga uliokandwa, akatia mdomoni, akasema, "Chumvi bado." Nikaona. Nilikuwa nimeona hilo miaka yote, kama unavyouona mlango wa nyumba yako. Mkandaji akaongeza chumvi. Mume wangu akanyofoa kingine. "Sasa." Mkono wangu ukachukua harage moja ukaliweka pajani. Kisha ukachukua la pili.

Unga ulipoumuka, akanyofoa. Alipokata madonge, akanyofoa. Trei ya kwanza ilipotoka alivunja ncha ya mkate mmoja, akapuliza, akatafuna amefumba macho. Trei ya pili vivyo hivyo, na ya tatu, na ya nne. Ikaja ile mikate mitamu midogo ya watoto wa shule. Shira yake alichovya kidole, akalamba. Akachovya tena. Akavunja mmoja katikati aone kama umeiva, nusu akaila, nusu akampa Mkandaji.

"Shemeji," Mkandaji akaniita, "hayo ya pajani mbona unayatenga? Ya mbegu?"

"Ya mbegu," nikasema.

Kazi ya asubuhi ilipokwisha nilikuwa na maharage arobaini na matatu kwenye paja.

Nilingoja Mkandaji atoke kwenda kunawa. Nikachukua mkate, nikaanza kumega kwa vidole jinsi nilivyoviona vidole vya mume wangu vikimega, si kikubwa kuliko chake, si kidogo. Kila harage, kipande kimoja. Mkate mmoja ukaisha, nikaingia wa pili. Nikaweka unga mbichi, nikaweka nusu nusu za mikate mitamu, na shira nikaipima kwenye kijiko. Nikavipanga vyote kwenye lile bonde la meza. Vikajaza bonde.

Mume wangu akageuka kutoka tanurini, akafuta jasho. "Kuna harusi ya nani?"

"Hiyo ni asubuhi yako."

Hakunielewa. Nikamwonyesha maharage. Nikamwambia hili ni la chumvi bado, hili la chumvi sasa, hili la shira, hili la shira tena. Aliviangalia vile vipande muda mrefu. Mtu akiwa amepoteza kitu nyumbani, kisha akakiona kilikuwa mkononi mwake, ndivyo alivyoangalia.

"Mwenzangu," akasema polepole, "lakini kuonja si kula."

Alisema kwa uhakika kabisa, kama mtu anayesema maji hulowesha. Nami nikaelewa kwamba hakuniapia uongo. Alikuwa amekaa mezani na bata wake kwa wiki nne, ananyimwa kijiko cha sukari, na moyo wake ulikuwa safi. Haba na haba hujaza kibaba, nilifundishwa hivyo tangu utotoni. Sikujua kwamba kibaba cha maradhi nacho hujazwa hivyohivyo.

"Basi uache," nikasema.

"Nikiacha kuonja, mimi si mwokaji tena. Nitakuwa mbeba trei."

"Onja uteme."

Akashtuka kama nimetukana. "Mkate hautemwi. Hata fundi wangu, na ukali wake, hakuwahi kutema."

"Mkandaji aonje."

"Mkandaji kwake kila kitu kizuri. Huyo hata sabuni ataisifu."

Kule nje Mkandaji akaitikia, "Nimesikia hiyo, mzee!"

Mguu wake wenye kitambaa ulikuwa umenyooshwa mbele yake juu ya debe, na mimi nikawa nauangalia huo, naye akawa anauangalia huo huo. Kwa mara ya kwanza nikamwona anaogopa. Alikuwa ameshika kipande kimoja, ncha, anakizungusha kwenye vidole. Hakukitia mdomoni.

"Nipe mimi," nikasema.

"Wewe?" Akacheka kidogo, bila kupenda. "Wewe una neno moja tu."

"Nipe."

Akanipa. Akanitazama mdomo, kama vile juu ya ule ukuta, isipokuwa sasa kope zake zilikuwa nyeupe hata bila unga.

"Vipi?"

Nikatafuna. Neno likaja lile lile, likasimama kwenye meno yangu. "Mtamu," nikasema, na tukacheka hadi nikapaliwa na Mkandaji akaingia kuuliza kuna nini.

"Tafuta lingine," mume wangu akasema, anafuta machozi. "Tafuta, mama. Mguu wangu uko kinywani mwako."

Nikafumba macho. Nikatafuna taratibu, na mimi ni mtu wa taratibu, hilo Mungu alinipa. "Ganda linavunjika vizuri," nikasema. "Ndani kuna uzito kidogo, kama nguo ambayo haijakauka sawasawa. Na chumvi... chumvi ipo, lakini inakuja mwishoni, kama mgeni aliyechelewa."

Nikafumbua macho. Mume wangu hakuwa anacheka.

"Mkandaji," akasema bila kugeuka, "kesho chumvi itangulie, kabla ya maji ya pili. Na unga tuuache uumuke zaidi kidogo."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Nilikuwa nikifika saa moja asubuhi, naonja mara sita tu, sita tulizokubaliana, vipande vya ukubwa wa ukucha. Muuguzi alinipima na mimi, akaniambia huo ndio uwe mkate wangu wa siku, nyumbani nisiuguse tena, nami sikuugusa. Mume wangu alifunga mdomo kwa kitambaa kama mganga wa meno, si kwa usafi, ni ili mkono usipotee njia. Siku za mwanzo mkono ulipotea mara nyingi. Vidole vilifika kwenye kitambaa, vikagonga, vikarudi chini vyenyewe kwa aibu.

Wiki ya sita kipimo kikasema tisa. Daktari akavua miwani, akatazama, akavaa miwani. Kingo za kidonda zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu. "Kidole kibaki," akasema. "Endeleeni na huo mwendo wenu, uwe wowote." Miezi mitatu baadaye pakafunga. Alipoteza ukucha tu, na pakabaki kovu dogo, limejikunja mfano wa harage. Ndipo tukaanza kutembea jioni baada ya kula, hadi kwa fundi viatu na kurudi, viatu vyenyewe vikiwa vipya, vikubwa na laini, vya kumfanya Mkandaji aseme mzee amevaa mikate.

Alisimama mbele ya tanuri kwa miguu yake miwili miaka kumi na moja zaidi, na miaka mingine sita alikaa nyumbani. Bata alifutika kwenye sahani kwa kuoshwa, akabaki mdomo wa manjano na jicho moja. Sasa duka lile lina mtu anayetengeneza redio. Meza yenye bonde iko jikoni kwangu, maharage huwa yanabingirika yenyewe hadi katikati.

Wiki yake ya mwisho, moyo ulikuwa umechoka, si mguu. Muuguzi yule, ambaye sasa na yeye ana mvi za pembeni, alikuja nyumbani akanivuta kando. Akaniambia, "Mama, sasa mpe anachotaka." Nikawasha jiko. Nilioka mkate mmoja, nikaukata ncha, nikaifunga kwenye karatasi ya kaki, nikamwekea mkononi ikiwa ya moto.

Aliinusa. Aliishika muda, kidole gumba kinapapasa ganda. Kisha akanirudishia, akanitazama mdomo.

"Vipi?"

Nikatafuna. Nikamwambia ganda linavunjika kama majani makavu unapoyakanyaga asubuhi. Nikamwambia ndani ni kwepesi, kuna vijumba vidogo na vikubwa, na joto limejificha kwenye vile vikubwa. Nikamwambia ngano inasikika hadi nyuma ya ulimi, na moshi upo, kidogo sana, upande mmoja. Nilisema hadi kipande kikaisha na mkate uliobaki ukapoa.

"Na chumvi?" akauliza.

"Chumvi imewahi."

Akatikisa kichwa, safari hii kwa kukubali.